Mgongo Wangu Si Mzee

Musienene, Oktoba 2001

Ndugu Hénock, Titulaire, yaani muuguzi mkuu, wa kituo chetu cha afya,

Amani ya Bwana ikufikie, kama bado inapita barabara hii. Nakuandikia kwa heshima zote, tena nimesimama, maana kukaa kunaniumiza.

1. Jumatatu ulinieleza ugonjwa wangu mbele ya benchi zima la wagonjwa. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo, ulisema, kuna diski laini, nazo hukauka na kusinyaa. Hapo ningekushukuru. Lakini ukaongeza kwa sauti ya mahubiri: "Papa Lusenge, hii haiko bulozi. Iko buzee tu." Yaani si uchawi, ni uzee. Mke wangu Agar alisikia. Musienene nzima ilisikia.

2. Tangu hapo wenzangu tunaolima kwa zamu wameninyang'anya jembe na kunipa kazi ya kulinda sufuria ya maharage. Mimi, niliyeshusha viazi hadi Butembo kwa chukudu, kigari cha mbao kisicho na breki.

3. Matibabu yako ni ya nchi yenye amani. Nisilale kutwa, nitembee kidogo kidogo, nijikande kwa maji ya moto, na nikiinua mzigo nikunje magoti kwanza. Risasi zikilia, nani anatembea kidogo kidogo?

4. Hili limeniuma kuliko mgongo wenyewe. Askari walipokuja kukamata watu wa kuwabebea masanduku hadi Beni, walinitazama wakacheka: "Tika ye, mobange," yaani mwacheni mzee huyo. Wakamchukua mwenzetu Henri, aliyenitangulia kuzaliwa. Karudi na mabega yamevimba, lakini sasa anasalimiwa kama kijana.

Kwa hiyo Jumapili, wakati wa matangazo baada ya misa, simama useme ulikosea: mgongo wangu umechoshwa na vita, siyo na miaka. Ukikataa, nitamwomba Padri anibatize upya kwa tarehe ya kuzaliwa ya karibu zaidi.

Msalimie mkeo, Mama Gaëlle, na wauguzi wote, hata yule wa sindano.

Kijana wako mwenye maumivu,
Lusenge Salomon

N.B. Askari wamerudi. Wamemkamata Henri tena, na safari hii alilia. Ndugu yangu, naogopa. Usingoje Jumapili. Agar akikufikishia barua hii, njoo usimame mlangoni kwangu, useme buzee kwa sauti ileile; miaka ongeza upendavyo. Wakishaondoka, tafuta mtu wa kunitoa chini ya kitanda. Mwambie akunje magoti kwanza.