Gego la Kuazima

Jumatatu, 9 Juni

Nimejiponza. Na shahidi ni mashine.

Mashine yenyewe ni ile ya kutafuna, hapa maabara ya meno. Tunaiita Shangazi kwa sababu hutafuna kutwa huku ikiguna. Daktari, mkuu wetu, anataka kujua jambo moja tu. Ile dawa nyeupe inayoziba mifereji ya magego ya watoto ili yasioze, ikisagana na jino la utotoni la upande wa pili, nani anamla nani? Dawa ndiyo inayoisha au jino? Kazi yangu ni kumfungia Shangazi jino juu na dawa chini, kisha kummiminia mate ya bandia. Ndiyo, mate. Nimeyasomea.

Limebaki jino moja kukamilisha kazi. Gego la utotoni, zima, lisilooza. Na watoto wa leo na pipi zao! Daktari akasema atakayelileta ndiye atakayekabidhiwa Shangazi. Fundi mwenzangu, Nukta (hataji namba bila nukta na vijisehemu vyake), akasema ataulizia kliniki, wazazi wakikubali. Pole pole, kama kawaida yake. Mimi nikasema ninalo tayari. Nani alinituma?

Sina. Aliyenalo ni binti yangu.

Jumanne, 10 Juni

Acha nijieleze kabla sijahukumiwa. Binti yangu aling'oka gego wiki iliyopita. Ameliweka juu ya pamba, kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya mikono ya mama yake. Mama yake yuko masomoni mbali, anarudi Jumamosi. Meno mengine yametoka yeye hayupo, na hilo limemuuma. Kwa hiyo akamwambia binti kwenye simu alitunze hili, anataka kulishika kwa mkono wake mwenyewe. Haya yote nayajua. Simu niliishika mimi.

Lakini tazama. Linaingia kwa Shangazi leo, linatoka Alhamisi, linarudi kikoponi. Kinachosagika ni chembamba kuliko unywele. Mama mtu hataona, binti hataona. Kuazima si kuiba!

Kikwazo kimoja. Jino hufungwa ndani ya saruji ya meno, na humo halitoki ila kwa kuvunjwa. Nikatumia nta. Nta ya waridi, ile ya kupangia meno ya bandia. Unabandika, unabandua. Akili nywele, kila mtu ana zake. Nukta akauliza mbona nimemaliza mapema hivyo. Nikamjibu kwamba wengine tuna mikono myepesi.

Kikoponi nimefunga kipande cha chaki ndani ya pamba. Akikitikisa, kinalia vilevile.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Halafu balaa.

Daktari alichungulia, akapiga yowe. Gego limeliwa vibaya, kilima kizima cha kutafunia hakipo. Akasema hakuna aliyewahi kuona dawa inayokula jino la mtoto kiasi hiki. Akatoka mbio kuwaita wakuu wa idara. Akarudi, akanipa mkono. Mkono wa pongezi ni mtamu, sikuwahi kuupata humu ndani.

Kisha nikatazama vizuri. Mate ya bandia hupashwa joto yafanane na ya mdomoni. Nta kwa joto hulainika. Jino lilikuwa limelala ubavu, na Shangazi akalisaga anavyotaka. Dawa haina kosa lolote. Na aliyewasha joto ni mimi, kwa kidole hiki.

Nilitakiwa kusema palepale. Nikakohoa tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nukta alibonyeza ile nta kwa ukucha. Ukucha ukazama.

Hakunitangaza, alimwita Daktari kando. Daktari akanijia akiwa amepoa kabisa. Akasema mambo mawili. Kwanza, kwamba jana amewaambia watu wazima na akili zao kuwa dawa inayowakinga watoto inawala meno, na leo lazima azunguke mlango kwa mlango kuwaambia si kweli. Pili, akauliza jino ni la nani. Nikasema la binti yangu. Akauliza kama binti anajua.

Afadhali angenifokea. Aliliosha mwenyewe, akalikausha kwa kitambaa, akanitilia kiganjani. Ubavu mmoja bapa, kama sabuni iliyobaki bafuni. Shangazi amekabidhiwa Nukta. Nukta akanipa pole, tena ya kweli. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nimekaa chooni nikilitazama jino. Niliwahi kulifuta maziwa jino hili, lilipoota.

Ijumaa, 13 Juni

Sikuwa na ujasiri wa kusema. Nilikuwa na mtungi wa meno mabovu ya maabara. Nikachagua gego linalofanana, lenye kitundu kidogo tu pembeni. Nikalitia kikoponi, nikatoa chaki.

Binti alikifungua kikopo jioni hiyohiyo. Akaligeuzageuza. Akasema hili si lake. Lake lina dawa nyeupe kwenye mfereji, na siku dawa inawekwa mama alimshika mkono mpaka mwisho, kwa sababu aliogopa taa.

Mimi, fundi wa dawa hiyohiyo! Nimeikalia miaka, nimeipima, nimeimwagia mate, na kinywani mwa mwanangu nimeisahau.

Nikamtolea lake mfukoni. Nikamweleza yote, Shangazi, nta, joto. Hakulia. Aliuliza swali moja, kama mama atalijua. Nikamwambia atalijua. Akalitazama tena, akasema yeye mwenyewe amelijua kwa sababu tu nimemwambia.

Nimejuta. Naandika tena: nimejuta. Kesho mke wangu akiingia tu, namwambia kabla hajavua viatu.

Jumamosi, 14 Juni

Alivua viatu. Akanywa maji. Akaoga. Nikajiambia mtu wa safari aachwe apumzike kwanza.

Binti akaleta kikopo. Mama yake akalipokea jino kwa viganja viwili, akatabasamu, kisha uso ukabadilika. Akauliza mbona limelika hivi. Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini binti akanitangulia. Akasema ni yeye, alikuwa akisaga meno usingizini, kwa kumkosa mama.

Mke wangu akamvuta kifuani, akalia, akaomba msamaha kwa kwenda mbali. Akaapa hatamwacha tena namna hiyo. Anaomba msamaha kwa kosa langu! Binti, kichwa kimelala begani kwa mama yake, alinitazama mimi. Hakunikasirikia. Alikuwa ananionea huruma, kama vile mimi ndiye mdogo.

Nikabeba mabegi, nikayaingiza chumbani. Nilikaa huko muda mrefu kuliko mabegi yalivyohitaji.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka na moyo mweupe. Nimeapa sitagusa tena kitu cha mtu bila ruhusa. Leo hii namwambia mke wangu ukweli wote. Baada ya chai.

Wakati wa chai nikaona kitu. Binti anatafunia upande mmoja. Nikachungulia. Gego la juu linacheza! Zima, zuri, halina hata doa. Na Nukta bado hajapata la kwake, wazazi wa kliniki wanasuasua.

Safari hii kwa heshima zote. Naomba ruhusa, na ninafunga kwa saruji. Kosa langu lilikuwa nta tu, ukiangalia vizuri. Ukweli kwa mke wangu unaweza kungoja siku mbili tatu, asije akaharibu mambo.

Nikamwambia binti, kwa sauti laini kabisa, afungue mdomo kidogo baba aone. Akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, akahamia upande wa mama yake.