Msimu wa Viazi Mlimani kwa Baba Mkwe

Jumamosi, 7 Juni

Kihesa, Iringa. Shule imefungwa jana. Kesho tunaondoka: mimi, Mama Frida na watoto wawili. Tunakwenda kukaa wiki tano kwenye milima ya Uporoto, kwa baba mkwe. Mama Frida anajua tunakwenda kusaidia kuvuna viazi na kuwapa watoto hewa safi. Ndivyo nilivyomwambia.

Ukweli ni huu. Mzee Gwakisa hupanda mlimani kila Juni na kushuka Agosti. Ana nyumba kule, shamba la viazi na kipande cha pareto. Pasaka alisema magoti yamechoka, na kwamba mwaka huu ataamua nani awe anapanda badala yake. Hana mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili na wakwe wawili. Mmoja ni mimi, mwalimu wa Jiografia, ninayefundisha milima kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mwingine ni mwanyumba wangu Dastan, fundi wa kuchomelea huko Iyunga, Mbeya, aliyemuoa Yusta, mdogo wake mke wangu. Mtu mpole. Haongei. Nadhani hana la kuongea.

Mchana nimempigia simu. Nimemwambia Mzee ameahirisha mpaka Julai, viazi bado vichanga. Akasema sawa kaka, asante kwa taarifa. Kazi ya dakika mbili.

Nimenunua mabuti ya mpira, meusi, marefu.

Jumapili, 8 Juni

Basi. Lusekelo, mwenye miaka mitatu, alitapika Mafinga. Akatapika tena Makambako, safari hii ndani ya buti langu la kushoto. Frida, mwenye miaka saba, aliuliza kama babu anatujua majina. Nikamwambia anatujua vizuri, hasa mimi.

Tulipopita Igawa, Mama Frida akaniambia tutalala Iyunga kwa Yusta. Walishapanga wiki mbili zilizopita. Sikuambiwa kwa sababu nilisema nisisumbuliwe na mambo madogo.

Tumefika na mabegi saba, blanketi nne na jembe. Dastan ametupokea vizuri. Hakuuliza tunakwenda wapi na jembe. Nikaanza kumweleza kwamba watoto wa Iringa wanahitaji kuzoea baridi mapema, kitaalamu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jana, baada ya simu yangu, alimpigia Mzee kumpa pole kwa viazi vichanga. Mzee akashangaa, akamwambia apande mara moja.

Kesho tunapanda wote, na Yusta na mtoto wao, kwenye kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Mimi nitakaa nyuma na mabegi.

Jumatatu, 9 Juni

Tumefika saa nane. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, kimoja cha Mzee, jiko nje. Chini unaona mawingu yamelala bondeni. Niliwaeleza watoto mawingu yanavyotokea. Walikuwa wameshakimbilia kwa kuku.

Nilikuwa nimemfundisha Frida salamu ya Kinyakyusa njia nzima, kwa siri, ili Mzee afurahi. Alipiga goti vizuri sana na kuitamka bila kosa. Yusta akaziba mdomo. Kumbe ni salamu ya kupeana watu wa rika moja, kama vijana wanaokutana gulioni. Mzee alimtazama, akaitikia vilevile, kirafiki. Kisha akauliza nani kamfundisha. Frida akanionyesha kwa kidole.

Mzee akasema tuchague vyumba. Niliwahi. Nikachukua kile kikubwa chenye dirisha la kutazama bondeni. Dastan akaingiza vitu vyake kwenye kile kidogo kilichopakana na jiko.

Jumanne, 10 Juni

Dirisha la kutazama bondeni halifungi. Mama Frida amelala amevaa koti langu. Mimi nimelala nimevaa taulo.

Asubuhi maji ya kwenye ndoo yalikuwa yameganda juu. Frida alifurahi, akaja na kipande cha barafu kiganjani kunionyesha. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikawakusanya wote nje na kueleza: anga bila mawingu, upepo kutulia, joto la ardhi kupotea. Dastan alikuwa ameinama anamfunga mwanawe kamba za viatu. Mzee alisikiliza kwa makini. Akaniuliza kama jana jioni nilijua usiku ungekuja hivi. Nikasema ndiyo, Baba, dalili zote zilikuwepo.

Akauliza kwa nini basi sikumwambia afunike miche ya kabichi.

Miche yote imekufa.

Alhamisi, 12 Juni

Mkakati mpya: kuni. Mzee anampenda mtu wa kuni. Dastan jana alipasua gogo zima huku Mzee akimtazama kama anayetazama mpira. Mimi nikishika shoka, shoka ndilo linaloamua.

Nimekubaliana na jirani, Kasian. Yeye apasue, aniwekee nyuma ya kilima, nami nizibebe kuzileta kama zangu. Badala yake nimempa mabuti ya mpira. La kushoto lilikuwa bado linanuka, hivyo nimeona nimepata faida.

Saa kumi nimeingia uani na mzigo wa kwanza kichwani, napumua kwa nguvu. Mzee akasema ndaga fijo, ahsante sana. Nikatamani Dastan angekuwa karibu asikie. Nikaleta mzigo wa pili. Wa tatu.

Ijumaa, 13 Juni

Kuni zilikuwa mbichi. Jiko limejaa moshi, watoto wametoka wanatokwa machozi, uji umechukua saa mbili. Mzee akaokota kipande, akakinusa, akasema mtu aliyekata mwenyewe angeujua uzito wake. Nikasema niliujua, Baba, nilidhani ni ubora.

Wakati huohuo Kasian akapita barabarani kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, amevaa mabuti. Akatusalimu wote kwa heshima. Akaniuliza mzigo wa nne auweke palepale.

Mzee alitazama mabuti, akatazama viatu vyangu vya kufundishia, akaingia ndani.

Mama Frida alicheka mpaka akakaa chini. Sijamwona akicheka hivyo tangu Lusekelo azaliwe. Nimeiandika hapa ingawa haihusiani.

Jumamosi, 14 Juni

Kuvuna viazi siku nzima, kwa viatu vya ngozi. Mama Frida anachimba kama ambaye hakuwahi kuondoka huku. Nilisahau kwamba alikulia hapa kila msimu, yeye na Yusta, tangu wanabebwa mgongoni. Lusekelo anafuata nyuma yake na kikapu, anaokota vile vidogo na kuvipa majina. Mashavu yamepasuka kwa baridi, hataki kupakwa mafuta. Mzee amekaa ukingoni mwa shamba, miguu ameinyoosha, anawatazama wajukuu. Hatazami viazi kabisa.

Jioni nimekaa naye peke yetu. Nikamsifu sana Dastan. Nikasema fundi kama yule ana wateja wengi Iyunga, mageti yanamsubiri, kumweka hapa ni kumwonea. Nilisema kwa uchungu kiasi kwamba nami niliingiwa na huruma. Mzee akafikiri. Akamwita Dastan na kumwambia Jumatatu ashuke akaone kazi zake, na kwa kuwa anashuka, achukue magunia ya kwanza na kuyasimamia sokoni mwenyewe.

Kisha akanigeukia. Akasema zamu ya maji ya Dastan sasa ni yangu. Kisima kiko bondeni.

Jumatatu, 16 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Dastan alikuwa ashuke alfajiri, lakini kirikuu kilikataa kuwaka, akabaki anakitengeneza. Mama Frida na Yusta walikwenda shamba la chini. Mzee alikuwa shamba la juu, kwenye pareto. Mimi nilibaki na watoto wangu. Nikapata wazo. Frida ampelekee babu yake chai kwenye chupa, yeye na mdogo wake, peke yao. Mzee awaone wanatokea njiani kama watoto wa mlimani. Mimi ningefuata kwa mbali, nimejificha kwenye miti, ili wasidhurike. Ni njia ya dakika ishirini.

Nilijua ukungu hushuka saa tano. Tuliondoka saa tano kasorobo.

Ulishuka mara moja. Niliona koti jekundu la Lusekelo, kisha sikuliona. Nikaita. Sauti ilirudi kutoka pande zote. Nikakimbia kule nilikodhani wapo, nikakuta miti. Nikarudi kule nilikotoka, nikakuta miti mingine. Niliita mpaka sauti ikaisha. Nilianguka kwenye mtaro, nikapoteza kiatu, sikukitafuta. Nilikuwa nawaza Lusekelo anaogopa mbwa. Nilikuwa nawaza kwamba ni mimi niliyefunga vifungo vya lile koti na kumwambia atembee kiume.

Sijui nilitembea kwa saa ngapi. Ukungu ulipopungua nilikuwa kwenye shamba nisilolijua, nimekaa kwenye tuta. Dastan ndiye aliyenikuta. Alikuwa na mafuta ya gari mikononi. Kabla sijauliza akasema, "Watoto wako nyumbani, kaka. Wewe ndiye tunayekutafuta."

Nililia. Akasimama pembeni akitazama upande mwingine mpaka nikamaliza, kisha akanipa viatu vyake akatembea na soksi.

Frida alifanya alivyofundishwa na mama yake wiki iliyopita: ukungu ukishuka, kaa chini, mshike mdogo wako, imbeni. Waliimba nyimbo za shule ya Jumapili. Mama Frida akazisikia kutoka shamba la chini, akapanda kuzifuata. Walikuwa wamekaa kando ya njia, wameshakunywa chai yote ya babu.

Mama Frida hakunigombeza. Aliniwekea maji ya moto ya miguu. Akauliza, "Ulijua ukungu unashuka saa ngapi?"

Nikasema saa tano.

"Ulijua."

Nikamweleza yote: nyumba, simu, kuni, sifa za Dastan. Alisikiliza huku anamkausha Lusekelo nywele. Akasema ya simu alishaambiwa na Yusta, ya kuni aliyaona, na ya nyumba Baba alishamaliza naye tangu Pasaka. Akasema yeye hakuja kwa ajili ya nyumba. Amekuja kwa sababu magoti ya baba yake hayatapanda tena huku, na alitaka watoto wamwone akiwa mlimani, angalau msimu mmoja, wamkumbuke hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Baada ya chai ya asubuhi Mzee ametuita wote. Alisema kwa kifupi. Nyumba na shamba ni vya Tusajigwe, yaani Mama Frida, na Yusta, sawasawa. Walizaliwa navyo. Hakuwahi kufikiria vinginevyo, na anashangaa nani alieneza habari kwamba wakwe wanashindanishwa.

Nilitazama chini.

Akasema wakwe zake wote wawili ni wageni wazuri. Dastan ana mikono. Mimi nina maneno, na watoto wangu wamelelewa vizuri na mama yao. Akaniomba kila jioni niwasomee wajukuu hapo nje ili naye asikie, macho yake hayamudu tena herufi ndogo. Nimeanza leo. Alisinzia baada ya ukurasa mmoja, Lusekelo amemlalia mapajani. Niliendelea kusoma kwa sauti ya chini ili nisiwaamshe.

Nimemwomba Dastan msamaha kuhusu ile simu. Akasema aliona nina haraka tu. Amenitengenezea dirisha.

Nimeamua kuanzia leo nitakuwa mtu wa kusema ninalolijua na kunyamazia nisilolijua. Nimejisikia mwepesi sana.

Jumamosi, 21 Juni

Mwili umerudi sawa. Jua zuri. Zamu ya maji nimeizoea, nimefika kisimani na kurudi bila kupumzika zaidi ya mara nne.

Jana alifika Budeba, mfugaji kutoka Usangu, rafiki wa Mzee wa miaka mingi. Amemletea ng'ombe wa maziwa, zawadi, ili wajukuu wanywe. Ng'ombe mkubwa, mweusi, ana macho ya kudharau. Budeba ameshaondoka. Mzee akauliza kati yetu nani amewahi kukamua. Mama Frida alikuwa kisimani anafua. Dastan akasema wazi kwamba hajawahi, akarudi kwenye kirikuu chake.

Akatuacha mimi na Mzee. Nafasi ya namna hii haiji mara mbili. Nikasema mimi, Baba, nimekulia kwenye ng'ombe. Akasema vizuri, basi kesho kabla ya ibada, saa kumi na mbili, na yeye atakuja na kigoda aangalie.

Nimepita kumkagua ng'ombe kwa mbali. Haonekani mgumu. Kanuni ni ileile ya mgandamizo wa hewa, kidato cha pili.

Frida ameniuliza kama ng'ombe anakamuliwa ukiwa umekaa upande gani. Nimemwambia awahi kuamka, atajionea mwenyewe.