Nilivyomwangusha Mwenye Mkataba

Leo nimeaibika mchana kweupe. Naandika haya, na tope lililo kwenye kucha zangu limetoka kwenye suti ya mtu mzima.

Mnajua kwamba kwa miezi mitatu nimekuwa kwenye majaribio ya timu ya raga ya kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa Mwanza. Mwenye kiwanda, Mzee Masanja, aliucheza mchezo huo zamani alipokuwa anasoma Nairobi. Sasa biashara zimefunguka, ameamua kuwa na wachezaji wa kulipwa. Wa kulipwa! Kazi yako ni kucheza tu. (Mama yangu bado anaamini kuna kitu namficha.) Leo, baada ya mechi na wageni kutoka Kisumu, Mzee alikuwa anisainie mkataba au anirudishe kwetu Kamanga, ng'ambo ya ziwa, nikalime mihogo.

Raga sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye kitabu cha sheria nilichokikuta kwenye rundo la mitumba Igogo, hakina jalada, kurasa mbili zimeliwa na mende. Nilikitafsiri kwa kamusi, neno moja moja, nikanakili kwenye daftari. Kisha nikanakili upya, kwa sababu mwandiko wa kwanza haukunyooka. (Ndiyo, ni ugonjwa. Najua.)

Nahodha wetu, Magesa, Mjita mwenye shingo nene kama kinu, ndiye aliyetutungia maneno ya siri. Wageni wanajua Kiswahili, huwezi kupiga kelele "mkabe!" wasisikie. Tukachagua samaki. "Dagaa" maana yake jikusanyeni. "Sato," rudini nyuma. "Sangara," mvamie aliyeshika mpira, kiunoni, umwangushe. Usiulize swali.

Wenzangu walifanya mazoezi uwanjani. Mimi niliyapeleka na nyumbani. Wiki nzima dada yangu Neema, ninayeishi naye hapa mjini, alikaa mlangoni akichambua mchele, halafu ghafla anasema "sangara," nami navamia gunia la pumba. Alisema nikiwa napiga mswaki. Alisema nikiwa nasali! Kufikia Alhamisi nilikuwa sifikiri tena: neno likiingia sikioni, miguu imeshaondoka. Nilijiona nimeiva.

Basi, leo saa tisa alasiri. Mvua ilinyesha asubuhi, na uwanja wetu wa karibu na ziwa ulikuwa uji mtupu. Timu mbili tukajipanga tukitazamana. Mzee Masanja akaja kutusalimia, amevaa suti ya Kaunda rangi ya maziwa, imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea. Mwamuzi akampa mpira apigwe nao picha, kisha aufungue mchezo kwa teke. Mzee akaukumbatia. Akasimama hatua tano mbele yangu. Akamtabasamia mpiga picha.

Wakati huohuo nyuma ya goli alikuwa anapita Mama Kulwa, jirani yetu, beseni la samaki kichwani. Watu wamejaa namna ile, atanyamazaje?

"Sangalaaa! Sangala wa leo!"

(Ni Msukuma, herufi r haipendi. Lakini Magesa naye hutamka hivyohivyo.)

Naapa sikuamua. Niliona mpira, nikaona kiuno. Nilimwingia Mzee Masanja bega likiwa chini, kichwa pembeni, mikono imefunga, sawasawa na mchoro wa kitabuni. Tulipaa. Kisha tukatua. Pwaa!

Nimemlalia mtu aliyeshika maisha yangu, pua yangu iko kwenye kifungo chake cha tatu. Nikatafuta la kusema. Katika malezi yote ya mama likaja neno moja.

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, huku anatema tope.

Nikamwachia hapohapo, nikabingirika pembeni, nikanyoosha mikono juu ili mwamuzi aone sijamshikilia. (Sheria ndivyo inavyotaka. Hata nikiwa naangamia nafuata sheria.) Nikamsikia Magesa nyuma yangu: "Umetuua, wewe! Umetuua wote!"

Kisha filimbi ikalia. Mwamuzi, mwalimu mstaafu asiyejua mzaha, alikuwa ameinua mkono kuelekea upande wetu.

"Adhabu," akatangaza. "Aliyeangushwa hajaachia mpira."

Kweli. Mzee alikuwa chali, bado ameukumbatia.

"Mwalimu, mchezo wenyewe haujaanza!"

"Sheria ni sheria, Mzee. Uachie."

Akauachia. Mimi nikaanza kuhesabu kama nitawahi kivuko cha jioni cha Kamanga. Mara tumbo la Mzee likaanza kutikisika. Nikadhani nimemvunja kitu, nikapiga magoti. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka waliokuja kumwinua wakashindwa.

"Kijana, nani kakufundisha kukaba hivi?"

"Kitabu, Mzee. Na dada yangu. Na pumba."

"Sasa mimi nimekukosea nini?"

Nikamweleza yote, kwa sauti, samaki mmoja baada ya mwingine, na maana ya kila mmoja. Nilipomaliza niliona wachezaji wa Kisumu wamesogea, wanaitikia kwa vichwa kwa makini kama wako darasani. Magesa alikuwa amejifunika uso kwa jezi.

Ikabidi tucheze mechi nzima kwa kupungiana mikono kama trafiki. Wametufunga. Na kila nilipogusa mpira, mmoja wao alipiga kelele, "Dagaa!" nami nikasimama kungoja wenzangu. Mara tatu.

Lakini mkataba ninao! Uko hapa mezani, una alama ya kidole cha tope, na nimeshausoma mara kumi na moja. Mzee ameongeza sharti moja kwa mkono wake: mchezaji haruhusiwi kuingia kiwandani. Kule, anasema, neno lile linatajwa kila dakika, na wafanyakazi wana visu.

Chekeni, mmeruhusiwa. Ila mkija Mwanza, asitokee mtu wa kutaja sangara mbele yangu akiwa ameshika kitu.