Simu ya Mshamu Ndani ya Mchele

Jumanne, 8 Julai

Kazi imekuja! Tena kazi ya maana. Zabibu kaingia chumba changu cha mbele, hapa ninapotengenezea simu, macho chini, mkononi simu ya mumewe. Mshamu alikwenda Salale kununua kamba wa kuuza wakati wa masika. Mtumbwi ukaonekana, mwenyewe hakuonekana. Sasa wavuvi wameikuta simu imenasa kwenye mizizi ya mikoko. Bado imo kwenye kifuko cha nailoni cha kugandishia barafu, kimefungwa fundo la Mshamu mwenyewe.

Sheikh amemwambia bila ushahidi hawezi kukaa eda. Si mke, si mjane. Anataka kujua jambo moja: mumewe yu hai au amekufa? Mimi nami nataka jambo moja: Zabibu. Ila kwanza awe mjane, akae eda, aimalize. Mimi ni mvumilivu.

Nikamtoa wasiwasi. Nikamwambia kwa mpelelezi wa simu hakuna simu inayokufa. Kilichofutwa hakifutiki. Picha yenye ukungu naisafisha mpaka unahesabu meno ya mtu. Nimeyaona yote haya kwenye filamu, tena zaidi ya moja. Akashukuru, akaniita kaka Twalha. Hilo la "kaka" limenichoma, lakini litarekebishika.

Dulla, fundi wa ng'ambo ya barabara, akapiga kelele kutoka kwake: isiwashwe hiyo, isichajiwe, ipelekwe polisi kama ilivyo, wataalamu wapo! Wivu. Mtu mwenyewe bisibisi ya kuazima.

Jumatano, 9 Julai

Nimeshusha pazia. Wapelelezi hufanya kazi gizani, kila mtu anajua. Nimevaa glavu za kuoshea vyombo na miwani ya jua. Nimejigonga kwenye meza. Nimekata kifuko, nikaisuuza simu kwa maji ya bomba, nikaiweka kwenye chaji.

Ikawaka! Wallahi ikawaka. Kwenye kioo, picha ya Zabibu kasimama mlango wa uani, mlango wazi, anacheka. Chini yake ujumbe wa sauti ambao haujatumwa. Nikaugusa. Ukatoka mlio wa maji, halafu pumzi ya mtu, ndefu, kama anajiandaa kusema. Halafu moshi. Simu kimya.

Si neno. Nimeizika kwenye sufuria ya mchele, dawa ya kila simu iliyolowa. Mchele wetu wa hapahapa Rufiji.

Alhamisi, 10 Julai

Nimefunua sufuria. Mchele umelowa. Si unyevunyevu, umelowa! Nimeonja punje. Chumvi. Nikauanika juani ukakauka, nikaurudisha. Kufika adhuhuri umelowa tena na unanuka tope la mikokoni. Paa halivuji, mvua hakuna. Na mlango wangu wa uani, ambao huwa nauwekea komeo, nimeukuta wazi.

Zabibu kapita kuuliza. Nikamwambia setilaiti bado inatafuta.

Alasiri nikapata wazo! Sauti ya Mshamu imekwama? Nitaikwamua mwenyewe. Nimejirekodi kwa simu yangu, leso mdomoni, huku napigapiga maji ya beseni: Zabibu, mtumbwi unazama, mimi ndio basi, kaa eda, na ukimaliza, Twalha ni mtu mwema. Hilo la mwisho nimelifikiria sana. Nimelibakiza.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimemsikilizisha Zabibu. Nilitegemea kilio. Hakulia. Akainamisha kichwa, akaomba nirudie, akaomba tena. Kisha akaniuliza habari za mlango nimezipata wapi.

Mlango gani? Akasema mwisho kabisa, huko nyuma, Mshamu anasema: "Funga mlango wa uani." Ndiyo kauli yake kila alipokuwa akiondoka. Tangu apotee Zabibu hajaufunga, anaogopa atarudi aukute umefungwa.

Mimi sikusema hivyo! Alipoondoka nikasikiliza peke yangu. Ipo. Chini ya sauti yangu, chini ya maji ya beseni, kuna mtu wa pili. Nywele zimenisimama. Nimefurahi pia, maana ushahidi umeongezeka.

Jumamosi, 12 Julai

Balaa. Zabibu kampelekea sheikh habari, sheikh kampeleka polisi. Tumeitwa Jumatatu, na simu zote mbili. Kuna mchunguzi kutoka Dar.

Jumatatu, 14 Julai

Huyo ndiye mchunguzi? Mwanamke mpole, Mwanahalima, ushungi, kalamu ya wino. Dirisha wazi! Hana taa ya bluu, habonyezi kitu haraka haraka. Kaipiga picha simu ya Mshamu, kauliza nani kaishika, kaifanya nini, kaandika. Kauliza tena, kaandika tena. Nimesinzia. Nikamuuliza mbona haiwashi. Akasema nusu ya kazi yake ni kutogusa. Watu wanalipwa kwa hilo!

Ikaja sauti yangu. Akasema imezaliwa Alhamisi, ndani ya simu yangu. Tena nyuma anasikika Dulla akimwapia mteja kwamba betri ni orijino. Dulla hajawahi kufika Salale. Aibu! Sheikh akanitazama mpaka nikatazama dari.

Na sauti ya pili, je? Mwanahalima akasikiliza mara nyingi, akavua vipokea sauti. Akasema ataandika kwamba ipo. Ya nani hajui, na asichokijua haandiki.

Ikabidi niseme na ule ujumbe ambao haukutumwa. Zabibu alikuwa hajui. Akaniuliza Mshamu alisema nini. Nikamwambia maji, halafu pumzi. Mwanahalima akamwambia polepole kwamba ataipeleka maabara, lakini hataki kumtia moyo bure. Kwenye kifuko maji yalikuwa hayajaingia sana. Kilichoiua ni chaji.

Zabibu hakunitukana. Heri angenitukana. Aliomba tu ule mchele niliozikia simu, akasema simu inabaki polisi na hakuna kingine cha Mshamu kilichotoka majini. Nikampa wote. Akaufunga kwenye kanga, maji yakamchuruzika mpaka barabarani.

Jioni nikapita nyuma ya nyumba yake. Mlango wa uani umefungwa. Nimejisikia vibaya, kweli kabisa.

Jumatano, 16 Julai

Nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Mchele! Mchele wa Rufiji umekulia majini, utanyonya nini tena? Nimenunua wa Mbeya. Kibao nacho kipya: TWALHA, MPELELEZI WA SIMU, ZA WALIO HAI NA ZA MAREHEMU.

Mama mmoja wa Mohoro kashaleta simu ya mwanawe, imeokotwa mtoni. Dulla akapiga kelele isichajiwe. Wivu! Nimeichaji kidogo tu, kuonja, kisha nikaizika kwenye mchele mpya.

Mlango wa uani umefunguka wenyewe tena. Upepo. Nimeutia komeo, nikafunua sufuria.

Hata wa Mbeya umelowa! Basi kesho natafuta wa Shinyanga.