Mambo Yote kwa Kidonge Kimoja

Jumatatu, 3 Juni

Wiki haijaanza na mimi nimeshachoka. Vidonge vimegeuka rangi tena. Ijumaa niliviacha vyeupe, leo nimevikuta vya kahawia, vimevimba kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Ndani yake mna dawa mbili, ya presha na ya sukari. Kila moja ikiwa peke yake haina neno. Ziweke pamoja uone. Hii inavuta unyevu, ile ikilowa tu inaharibika. Bosi, mama mmoja asiyepandisha sauti hata jengo likiwaka moto, ameniuliza kama nina wazo. Nikasema ninalo. Sina.

Jirani yangu wa meza tunamwita Chujio, maana hakuna jambo linalompita bila kulichuja. Yeye anataka kila dawa ipewe tabaka lake, na katikati uwekwe ukuta mwembamba zisigusane. Miezi na miezi ya kazi. Mimi nimesema zichanganywe, zipigwe mashine, kwisha. Mimi ni mtu wa kuunganisha mambo. Ndiyo maana maabara nzima inaniita Bwana Changanya. Nadhani ni sifa.

Jioni mke wangu kasema ana jambo. Yeye ni mwalimu. Amepewa ukuu wa shule mpya, mji mwingine, mbali. Jibu linatakiwa Jumatatu ijayo. Hakuniomba ruhusa. Ameomba Jumamosi mchana, tukae mimi na yeye tuongee kabla hajajibu. Mchana mmoja tu, na kisiwemo kitu kingine ndani yake. Hilo la kitu kingine alilirudia, akinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekuja shule bila kalamu. Nikasema bila shaka. Nyumba hii bila yeye siiwezi. Hata soksi zangu ni yeye anayejua zinalala wapi.

Jumanne, 4 Juni

Tuna kabati la chuma linalovipiga vidonge joto na mvuke, tuone kama vitastahimili masika. Chujio amelihodhi. Amebandika jina lake mlangoni hadi mwisho wa mwezi. Nimemwomba pembe moja tu. Akasema pembe zote zina kazi. Alisema kwa adabu, ndiyo maana imeniuma.

Nikafikiri njia nzima. Joto na mvuke. Bafuni kwangu! Jioni nimepanga vidonge kwenye visahani, dirishani, juu ya sabuni. Nikafungulia maji ya moto nikaoga kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima. Kuoga na utafiti kwa pamoja. Chujio na elimu yake yote hajawahi kuoga kwa faida namna hii.

Jumatano, 5 Juni

Mke wangu ameviona. Akauliza tangu lini tunaoga na wagonjwa. Nikamweleza kwamba nimeleta kazi nyumbani ili nipate kuwa karibu naye. Hakucheka. Aliosha visahani vyake, zawadi ya mama yake, akavihesabu, akavirudisha kabatini. Vidonge akavimwaga kwenye gazeti.

Ila hakuwa na ubaya. Alisema mama yake anameza dawa zote mbili na kila mara anasahau moja, kwa hiyo anaomba kazi yetu ifanikiwe. Anachotaka yeye ni kuoga peke yake. Halafu akanikumbusha Jumamosi. Halafu, sijui kwa nini, akanikumbusha sherehe ya ndoa yetu, ile niliyoiunganisha na kuagwa kwa mhasibu wa kampuni. Nilidhani aliifurahia. Keki ilikuwa kubwa, imeandikwa Hongereni Nyote. Mhasibu alilia kwa furaha.

Alhamisi, 6 Juni

Vyeupe! Asubuhi nimevikuta kwenye gazeti lao, bafuni, vyeupe pepe. Nilikimbia navyo kazini nusu ya shati ikiwa nje. Bosi alivigeuzageuza kiganjani, akatabasamu kidogo, jambo ambalo hulioni kila mwaka. Akasema sasa tuvijaribu kwenye maji, tuone kama vinayeyuka inavyotakiwa. Mashine ya kuyeyushia iko wazi Jumamosi mchana tu. Ningeweza?

Nikasema bila shaka.

Nilipofika mezani ndipo nilipohesabu. Bila shaka mbili, mchana mmoja. Chujio akauliza vidonge nilivijaribia wapi. Nikamwambia mahali pa faragha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata njia. Kichwa hiki kinanichosha lakini hakiniangushi.

Sheria yetu ni kwamba jaribio halihesabiki bila kushuhudiwa na mtu wa pili. Jumamosi shahidi pekee anayepatikana ni Chujio, na Chujio amenuna tangu nilipouita ukuta wake ukuta wa wakwe. Mke wangu naye hodari wa kupatanisha watu. Shuleni kwao hakuna walimu waliogombana wakaingia ofisini kwake wakatoka hawajasameheana. Sasa basi. Nyuma ya maabara kuna bustani, benchi na maua. Tutakula hapo mchana, mimi na mke wangu, tutaongea. Mashine itakuwa ndani inajizungukia. Chujio atakuja, atalainishwa, atashuhudia. Ndoa, kidonge na jirani, vyote kwa meza moja.

Chujio nimemwambia shemeji yake anamwalika kwa moyo wote. Mke wangu nimemwambia ni mahali penye bustani, ajiandae. Amepiga pasi lile gauni la bluu. Alikuwa anaimba chinichini. Muda mrefu sijamsikia akiimba. Nikataka kumwambia ukweli wote palepale. Nikaona nitaharibu mambo.

Jumamosi, 8 Juni

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Mke wangu alifurahi mpaka getini. Mlinzi akampa koti jeupe na kofia ya nailoni ya kufunika nywele, kama kila mgeni. Gauni la bluu lote likaingia humo. Kwenye benchi akauliza taratibu kama hapa ndipo penyewe. Jenereta lilikuwa linanguruma, ikabidi aulize tena. Nikasema asubiri kidogo, maua yapo upande wa pili.

Tukakaa. Akanishika mkono. Akasema amefikiri sana, na kabla hajajibu barua ya watu kuna jambo moja tu anataka kulisikia kutoka kwangu. Mashine ikalia ndani. Kengele ya sampuli ya kwanza. Nikasema nakuja sasa hivi.

Kwenye maji dawa ya presha iliyeyuka vizuri. Ya sukari ilikaa chini kama tope, haiendi mbele wala nyuma. Nikajikaza. Nikapiga na sampuli ya pili, na ya tatu, nikitikisatikisa. Tope. Niliporudi nje, Chujio alikuwa ameshafika na sahani ya matunda, amevaa tai, anamshukuru shemeji kwa mwaliko. Mke wangu aliniangalia. Nikaangalia jenereta.

Wakaanza kuongea wao. Alimuuliza dawa zinagombania nini. Chujio akamweleza kwamba hazigombani, ila kila moja inataka nafasi yake, na ukizibana pamoja kwa haraka zote mbili zinapotea. Mke wangu akasema amemwelewa vizuri sana. Nikarukia, nikasema lakini bafuni vilibaki vyeupe. Hapo akasema, kwa upole kabisa, kwamba havikuwa bafuni. Jumatano alivitoa akaviweka kwenye kabati la unga, pakavu, akavirudisha asubuhi nilipokuwa navaa, ili nisinune. Aliyasema hayo bosi, aliyepita kuangalia matokeo, akiwa amesimama mlangoni.

Bosi hakunigombeza. Alisema pole. Afadhali angenigombeza.

Njiani nikamuuliza mke wangu alitaka kusikia nini. Akasema alitaka nimwambie kama napenda abaki. Nikasema napenda, napenda mno, abaki, nitafanya lolote. Watu wa barabarani waligeuka kutuangalia. Akasema swali lilikuwa la mchana, na mchana nilikwenda kuangalia kengele.

Jumapili, 9 Juni

Hatununiani. Ananiuliza kama nitakunywa chai, namjibu. Hili ndilo linalonitisha.

Nimeona niombe radhi kwa maandishi, maneno yangu ya mdomoni yamechoka. Nikakaa na simu asubuhi nzima. Nikaandika kwamba nimekosa, kwamba nilichukua muda usio wangu, kwamba mtu wa thamani kama wewe hastahili kufanywa nyongeza ya shughuli nyingine. Ulitoka ujumbe mzuri hata macho yakanilowa. Na kwa kuwa Chujio naye nilikuwa nimemkosea, nikautuma kwa wote wawili kwa mpigo.

Chujio amejibu amepokea. Mke wangu alikuwa sebuleni. Nilimsikia anacheka, akacheka sana, mpaka akawa anafuta machozi. Nikaingia nikicheka na mimi. Alikuwa hacheki tena.

Jumatatu, 10 Juni

Amekubali ukuu wa shule. Amenipigia simu mwenyewe kuniambia, hakutaka nisikie kwa watu. Nikasema hongera. Nilikusudia kuisema kwa furaha.

Kazini bosi ameamua. Tabaka na ukuta wa Chujio vitaendelea polepole, na mimi nitakuwa msaidizi wake. Wakati tukisubiri, tutatoa vidonge viwili katika pakiti moja, kila kimoja na kijumba chake, mgonjwa asisahau hata kimoja. Alisema vitu vingi hukaa vizuri pamoja ukiviachia kila kimoja nafasi yake na wakati wake. Chujio akaniangalia. Sijui alitaka nini. Mimi niliona ni ushauri mzuri sana kwa upande wa dawa.

Ijumaa, 28 Juni

Nyumba ina mwangwi. Soksi zangu zimejificha. Nimeanza kulisalimia jokofu.

Lakini leo kapiga simu. Sauti yake imetulia, watoto walikuwa wanapiga kelele nyuma. Hana hasira. Akasema usiku wa kwanza huko aliweka sahani mbili mezani bila kujua, na hajapenda alivyojisikia. Akasema nije Jumamosi ijayo, atanisubiri stendi mwenyewe. Ameomba kitu kimoja. Nije kwake tu, mikono mitupu, nisije na shughuli yoyote. Nikaapa. Nilipokata simu niliketi sakafuni kama mtoto na kulia. Mungu ni mwema. Safari hii siharibu.

Tiketi nimeshakata. Kwa bahati tu basi linapita kwa mama mkwe, nitashuka mara moja nimpe dawa zake, basi jingine halichelewi sana. Halafu Chujio kanidokeza kwamba katika mji ule ule, karibu kabisa na stendi, kuna muuzaji wa ule unga wa kujengea ukuta wa vidonge vyake, na Jumamosi huwa yuko wazi. Ni kuingia na kutoka, mke wangu hata hatajua kama basi limefika. Na kule, nasikia, kuna unyevu mzuri ambao hapa huwezi kuupata. Nitachukua vidonge vichache tu vya majaribio.

Amesema mikono mitupu. Vidonge vitakaa mfukoni.