Pingamizi kutoka Bandani

Wizara ina furaha kuutangazia umma kwamba kuku asiye na manyoya amepatikana. Wataalamu wamebadilisha vinasaba vyake, na sasa mpishi haangaiki kunyonyoa: anachinja, anakata, anabandika. Mimi, Katibu wa Kamati ya Maadili ya Mifugo, nilikabidhiwa jukumu la kuhakikisha kuku mwenyewe ameridhia.

Nililitekeleza kwa uadilifu. Nilibandika tangazo bandani kwa siku kumi na nne, chini kabisa, usawa wa macho ya kuku. Hakuna aliyeleta pingamizi. Kwa kanuni zetu, kunyamaza ni kukubali.

Siku ya kupitisha mradi, mtunza banda alikuja na kuku aliyevikwa sweta la mjukuu wake. Mama huyu ni mjumbe, maana kanuni inataka walau mmoja wetu awe anawajua wanyama. Alisema kuku wanalaliana kwa baridi mpaka wa chini wanakufa, na tukigonga muhuri leo watasambazwa nchi nzima. Nilimweleza kwa upole kwamba baridi haimo kwenye fomu. Kuku akanitazama. Nakiri niliona haya.

Mwenyekiti alikuwa amefumba macho, kama kawaida yake baada ya chai. Mwenyewe huita kutafakari.

“Katibu, mwanangu,” mama akasema, “na mimi nina hoja. Kabla ya muhuri, Mwenyekiti akakae bandani siku kumi na nne, bila koti wala shati. Mwenye pingamizi aseme.”

Nikauliza mara tatu, kama inavyotakiwa. Wajumbe wakaangalia viatu vyao. Mwenyekiti alikoroma, lakini kukoroma hakumo katika orodha ya pingamizi. Hoja ikapita.

Alipoamka alikuja juu kweli kweli. Nikamsomea kanuni, aliyoiandika mwenyewe, kwamba muda wa kupinga umekwisha. Tukamsindikiza hadi bandani na kufunga mlango. Suruali tulimwachia, kwa heshima ya cheo.

Kabla ya adhuhuri barua ilipenyezwa chini ya mlango, mwandiko ukitetemeka. Inaupinga mradi wote, na sababu ni moja tu: baridi. Nimejiridhisha kwamba mwandishi ni mkazi halali wa banda. Kwa kanuni, pingamizi la mkazi husimamisha mradi papo hapo, na umesimama. Mama ameshaanza kuwashonea kuku wake masweta.

Barua ina ombi la pili, kwamba mlango ufunguliwe. Hilo linahitaji kikao, na kikao hakiitishwi bila Mwenyekiti.