Ukurasa wa Shangazi Mwanarusi

Jumatatu, 7 Juni 1999
Mimi sasa ni fundi wa kurasa za mtandao. Tangu asubuhi. Shangazi Mwanarusi anakodisha vyumba hapa Likoni, na tangu zile ghasia za mwaka juzi Wajerumani wake hawaji. Nimemwahidi nitawarudisha kwa kompyuta. Akauliza nimesomea wapi. Nikasema mjini. Kusoma sijasoma, lakini mjini nimekwenda.

Sababu hasa ni Kalama, jirani yetu. Ameitengenezea kwaya ya kanisa lao ukurasa, na sasa kila mtu anamwita fundi. Fundi gani! Aliuandika herufi moja moja mwezi mzima.

Jumatano, 9 Juni
Nimevuka feri hadi saiba, duka la kompyuta za kukodi mjini. Nimegundua jambo! Ukifungua ukurasa wowote, kuna mahali pa kubonyeza ukaona maandishi yote yaliyoujenga. Wenyewe hawafichi! Nikatafuta wa Kijerumani. Mzuri ajabu: maua meupe, mshumaa, fremu nyeusi iliyotulia. Nikanakili wote. Picha ya mzee aliyekuwamo nikaitoa, nikatia ya Shangazi. Na jina lake. Mengine nikayaacha. Kijerumani sikijui, lakini yalionekana maneno ya heshima.

Kalama, aliyekaa mashine ya pili, akauliza yanasemaje. Nikasema yanasema karibuni. Wivu tu. Nikampelekea anwani Bi Gerda, mgeni wa Shangazi wa miaka mingi.

Jumamosi, 12 Juni
Ya Rabi, nifiche.

Bi Gerda alipiga simu dukani kwa Sidi, jirani, tukaitwa. Nikamtangulia Shangazi mbio, nikapokee sifa zangu. Bi Gerda analia! Kwa Kiswahili chake kidogo akanipa pole. Mwanarusi alikuwa dada yake. Nikauliza kwa nini anasema "alikuwa". Akasema ameona tangazo la kifo. Ukurasa ule ni wa watu wanaouza majeneza. Yale maneno ya heshima yanasema pumzika kwa amani. Na ameshawaarifu wageni wote wa zamani.

Shangazi akafika akihema, akanipokonya simu. "Gerda, ni mimi Mwanarusi. Niko hai, wallahi! Nimetoka jikoni sasa hivi."

Upande wa pili ukapigwa ukelele, simu ikakatika.

Tukangoja. Shangazi alidhani nimemuua yule mama wa watu. Ilipolia tena, na Bi Gerda yu mzima, ndipo Shangazi akanigeukia. "Umeniandika maiti, mwanangu?"

Nikasema abee.

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu.

Jumapili, 13 Juni
Sikutoka. Dirishani nasikia wapita njia wakimwita Shangazi marehemu, wakicheka. Kalama alikuja, yeye hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akajitolea kunifundisha tangu mwanzo. Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Shangazi ameniletea samaki wa nazi. Nimekula nikilia. Alikuwa mtamu, na hata kwa hilo naona haya.

Jumanne, 15 Juni
Ukurasa nimeufuta. Lakini Bi Gerda na wenzake wanakuja Agosti, wamwone Shangazi kwa macho yao. Kwa hivyo ukurasa umefanya kazi! Nimemweleza Shangazi hivyo. Akaingia ndani.

Rama wa Bofu, anayeshona nguo za harusi, nimemwambia nitamtengenezea ukurasa wake. Kijerumani nimeapa sikigusi tena. Nimepata wa Kirusi: mabibi wazuri, wote wamevaa nyeupe na kofia ndogo, mmoja ameshika sindano. Bila shaka ni washonaji.